Kabla ya kununua kompyuta kubwa ya kuchakata picha za droni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo moja linalokwamisha kazi nyingi za ramani: kompyuta kuishiwa RAM, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, katikati ya kuchakata picha za droni.

Kurusha kwenyewe kumeshazoeleka. Mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko mwaka 2015, Zanzibar ikaanza mwaka 2016 kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na tangu hapo halmashauri, vyuo na wapima ardhi binafsi wamejinunulia droni zao. Tatizo limehamia mezani. Picha 2,000 au 3,000 zinapakiwa kwenye kompyuta, kazi inakwenda usiku kucha, na asubuhi mtu anakuta imekatika bila ramani. Hapo hutolewa moja ya hukumu mbili: omba fedha za kompyuta kubwa, au tupa nusu ya picha. Hukumu ya kwanza mara nyingi hutolewa mapema mno. Ya pili huharibu ramani moja kwa moja, na nitaonyesha kwa nini.

Jambo la kushika ni kwamba RAM haihesabiwi kwa jumla ya kazi, huhesabiwa kwa kilele chake. Uchakataji huenda kwa hatua: kutafuta alama ndani ya kila picha, kulinganisha alama za picha jirani, kukokotoa kamera ilikuwa wapi, kuzalisha wingu zito la nukta (nukta nyingi zenye mahali na kimo chake), kuunda uso, kuuvisha uso huo picha, na mwisho kuchora ortofoto, yaani picha moja ya eneo zima iliyonyooshwa ilingane na ramani. Kila hatua hukopa RAM yake na kuirudisha. Kazi ya saa 20 inaweza kutumia gigabaiti 10 kwa saa 19, halafu ikahitaji 45 kwa dakika chache. Mashine ya gigabaiti 32 itafia katika dakika hizo. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta kilele kiko wapi na kukishusha.

Lakini kwanza thibitisha kwamba kweli ni RAM. Kwa wanaotumia OpenDroneMap, programu huria ambayo wengi huiendesha kupitia kiolesura chake cha WebODM, kazi ikifa kwa namba 137 jibu limeshapatikana: 137 ni 128 kujumlisha 9, maana yake programu imepigwa ishara ya kuua papo hapo. Aliyeiua kwa kawaida ni mfumo wa Linux wenyewe, baada ya kuona RAM imekwisha. Amri ya dmesg itaonyesha mstari wenye maneno "Out of memory" na jina la programu iliyouawa. Ukikuta ujumbe wa std::bad_alloc au MemoryError, ugonjwa ni uleule. Kama kazi imesimama kwa sababu diski imejaa, au picha hazikuweza kuunganika, hakuna RAM itakayoiponya, hata ukiongeza maradufu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa watumiaji wa Windows kuliko wote, na kuutegua hakugharimu kitu. WebODM ndani ya Windows mara nyingi huendeshwa na Docker (kisanduku cha kuendeshea programu) juu ya WSL2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, na WSL2 kwa kawaida huipa Linux iliyomo ndani nusu tu ya RAM ya mashine. Umenunua kompyuta ya gigabaiti 32, kumbe programu inaona 16. Fungua folda yako ya mtumiaji, tengeneza faili liitwalo .wslconfig, na ndani yake andika mstari wa [wsl2], chini yake memory=26GB, processors=6 na swap=64GB, kila kimoja kwenye mstari wake. Kisha andika wsl --shutdown kwenye dirisha la amri na uwashe Docker upya. Hakikisha kwa amri ya docker info, kwenye mstari wa Total Memory. Kama namba haijabadilika, mara nyingi kosa ni kwamba Notepad imelihifadhi faili kwa jina la .wslconfig.txt bila wewe kuona. Usiipe Linux RAM yote: Windows nayo inahitaji gigabaiti 4 hadi 6, la sivyo mashine nzima itaganda. Kwa wenye Mac, kikomo hicho kiko kwenye mipangilio ya Docker Desktop, sehemu ya Resources.

Baada ya hapo, angalia idadi ya kazi zinazofanyika sambamba. Hapa ndipo kilele kinaposhuka kwa bei rahisi kuliko mahali pengine popote. Picha ya megapikseli 20, yaani pikseli 5,472 kwa 3,648, kwenye kadi ni faili la JPEG la megabaiti 8 hivi. Ikifunguliwa ndani ya RAM kila pikseli huchukua baiti 3, na picha ileile inakuwa karibu megabaiti 60, kabla programu haijaanza kutengeneza nakala zake za kijivu na zilizopunguzwa. Prosesa ya leo mara nyingi ina nyuzi, yaani njia za kufanya kazi kwa wakati mmoja, 12 au 16, na OpenDroneMap usipoielekeza huzitumia zote, kila uzi ukishika picha yake. Ni wapishi 16 katika jiko la watu 3. Kadirio linalotolewa na mradi wenyewe ni gigabaiti 1 kwa kila uzi kwa kila megapikseli 2. Kwa picha za megapikseli 20 hiyo ni gigabaiti 10 kwa uzi mmoja: nyuzi 16 zingetaka 160, nyuzi 3 zitataka 30. Hilo ni kadirio la kilele kwa picha zenye ukubwa kamili, na hupungua ukishusha ubora, lakini linaonyesha njia. Kwenye chaguo za kazi, weka --max-concurrency 3 au 4 kwa mashine ya gigabaiti 32. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, na itafika mwisho.

Dawa hiyo haitibu hatua zote. Kukokotoa mahali pa kamera na kuuvisha uso picha hutegemea idadi ya picha zilizomo kwenye kazi kuliko idadi ya nyuzi. Kazi inayofia huko hata baada ya kupunguza nyuzi inataka kugawanywa, na hapo inabidi turudi nyuma hadi uwanjani, kabla droni haijapaa.

Chukua kata ya kilomita za mraba 3 na droni ya aina ya Phantom 4 Pro. Kihisi cha kamera yake kina milimita 13.2 kwa 8.8, na lenzi ni ya milimita 8.8. Kwa hiyo ikiwa juu mita 100, picha moja inafunika mita 150 kwa 100, na pikseli moja ni sentimita 2.7 ardhini. Ukitaka picha zifunikane asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu, utapiga kila baada ya mita 20, na mistari itaachana mita 45. Kila picha mpya inaongeza mita za mraba 900, kwa hiyo kilomita moja ya mraba ni picha 1,111 na kata nzima ni 3,333. Panda hadi mita 120, kama kibali chako kinaruhusu: mwachano unakuwa mita 24 kwa 54, kila picha inaongeza mita za mraba 1,296, na kata inamalizika kwa picha 2,315. Umeokoa picha 1,018 bila kupunguza mfunikano hata kidogo. Pikseli imekuwa sentimita 3.3 badala ya 2.7. Kwa ramani ya mitaro, nyumba na barabara za mtaa sijui nani ataiona tofauti hiyo.

Linganisha na yule anayepiga picha 3,333 kisha, RAM ikimshinda, akafuta moja baada ya moja. Picha zake sasa zinaachana mita 40 badala ya 20, na mfunikano wa mbele umeshuka kutoka asilimia 80 hadi 60. Kila nukta ya ardhi iliyokuwa inaonekana kwenye picha 5 za mstari mmoja sasa inaonekana kwenye 2 au 3. Penye uwanja wa lami na paa za mabati pengine itaunganika. Penye minazi na miembe itashindwa, kwa sababu majani huyumba kati ya picha na picha na programu inahitaji nafasi nyingi za kujaribu. Matokeo ni matundu kwenye ortofoto na miti iliyovutika kama ute. Picha za kufuta ni zile za kupaa na kutua, zilizotikisika, zinazoonyesha upeo wa macho, na zile ambazo ni maji matupu ya bahari. Maji hayana alama tulivu ya kushika. Picha hizo hula muda bila kuunganika.

Sasa kugawanya. OpenDroneMap inatoa mwongozo wa RAM, ukijumlisha na swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba), kwa idadi ya picha: picha 40 kwa gigabaiti 4, 250 kwa 16, 500 kwa 32, 1,500 kwa 64, 2,500 kwa 128, na 5,000 kwa 256. Kata yetu ya picha 2,315 ingetaka gigabaiti 128 ikichakatwa kwa mkupuo mmoja. Ikikatwa vipande, kila kipande kinachakatwa peke yake na RAM inaachiliwa kabla ya kinachofuata. Chaguo la --split ndilo linalofanya hivyo, likifuatana na --split-overlap, ambayo ni mita ambazo vipande vitafunikana.

Wengi hukosea hapa. Wanaona mashine yao ya gigabaiti 32 inabeba picha 500, wanaweka --split 400 wakidhani wamejiachia nafasi, na kazi inakufa vilevile. Namba ile ni wastani wa picha kabla ya kuongeza za mpakani. Picha 400 kwenye mpango wetu wa mita 120 zinafunika kilomita ya mraba 0.52, yaani mraba wenye upande wa mita 720. Ukiomba mfunikano wa mita 100, programu inaongeza kila picha iliyo ndani ya mita 100 kuzunguka kipande, na upande unakuwa mita 920. Kipande kilicho katikati ya mradi, kilichozungukwa na vingine pande zote, kinaishia na picha 650 hivi. Weka --split 250 na hesabu inakaa sawa: upande wa mita 569 unakuwa 769, na kipande kinabeba picha 456. Ukiacha mfunikano wa kawaida wa programu, ambao ni mita 150, kipande hichohicho kitakuwa na picha 583. Rubani wa mita 60, ambaye picha zake zimesongamana, ataongezewa nyingi zaidi kwa mita hizohizo. Fanya hesabu hii kwa mpango wako mwenyewe kabla ya kubonyeza kitufe.

Mtu anaweza kushawishika kupunguza mfunikano hadi mita 20 au 30 ili vipande viwe vidogo. Asifanye hivyo. Hapo vipande vitashikana kwa mstari mmoja wa picha au visishikane kabisa, na kwenye maungio utaona nyumba iliyokatwa, barabara iliyohama, na modeli ya mwinuko yenye ngazi ambayo maji ya kwenye kompyuta yatateremka kama maporomoko. Kwa ramani ya mafuriko hilo ni kosa baya, kwa sababu litaamua mtaro upite wapi. Mita 100 ndiyo ya chini ninayoikubali kwa urefu huu wa kuruka.

Alama za ardhini (GCP), zile zinazopakwa chini na kupimwa mahali pake, nazo zipangwe kwa kufikiria vipande. Kila kipande kinataka alama zisizopungua 3 ndani yake. Chenye pungufu kitasahihishwa kwa GPS ya droni, na GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Kata yetu yenye vipande 9 au 10 ingetaka alama 27 au 30, lakini zile zinazowekwa kwenye maungio huhesabika pande zote mbili, hivyo kwa mpangilio mzuri idadi hushuka. Ndiyo sababu ni bora uchore vipande mwenyewe kuliko kuiachia programu. Tengeneza faili la image_groups.txt, kila mstari jina la picha, nafasi, kisha jina la kundi, na uliweke pamoja na picha. Utakata kufuata barabara na mito, na utajua alama ipi iko kundi gani kabla ya kwenda kuipaka chokaa. Mjue pia kwamba mwisho wa kazi programu huunganisha ortofoto, modeli za mwinuko na mawingu ya nukta. Modeli za pembe tatu zilizovishwa picha haziunganishwi. Anayetaka modeli moja ya mji mzima ya kuzungusha kwenye kioo hataipata kwa njia hii.

Yote haya yanategemea picha kubeba GPS ndani yake. Nalisisitiza hilo kwa sababu picha nyingi siku hizi husafiri kwa WhatsApp kutoka kwa rubani kwenda kwa mchakataji. WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na kufuta taarifa zake za ndani. Bila GPS programu haiwezi kugawa, na haijui jirani wa picha ni nani. Inabidi ilinganishe kila picha na kila nyingine, jozi 2,678,455 kwa kata yetu, badala ya majirani wachache kwa kila picha. Peleka kadi yenyewe, au diski, au tuma kama faili. Anayetaka kupunguza ukubwa wa picha kwa mkono pia aache. Chaguo za ubora ndani ya programu hufanya kazi hiyo bila kugusa asili: --feature-quality na --pc-quality zina ngazi tano, na kila ngazi unayoshuka hupunguza upana na urefu wa picha inayochakatwa kwa nusu, yaani pikseli zinabaki robo. Kwa ortofoto ya kata, medium kwenye wingu la nukta inatosha. Kuweka ultra kwa sababu tu ipo kwenye orodha ni kujitafutia namba 137.

Ubora wa ramani yenyewe una hesabu ileile ya mraba. Kilomita moja ya mraba kwa sentimita 5 ni pikseli 20,000 kwa 20,000, milioni 400, na kwa tabaka 4 za baiti moja ni gigabaiti 1.6 kabla ya kubanwa. Kwa sentimita 2.5 ni gigabaiti 6.4. Modeli ya mwinuko hushika baiti 4 kwa pikseli: kwa sentimita 5 ni gigabaiti 1.6, kwa sentimita 25 ni megabaiti 64 tu, na maji ya mvua yanafuata mteremko uleule. OpenDroneMap hukataa yenyewe kuchora ramani kali kuliko picha zilivyoona, na hilo huokoa RAM nyingi. Kuna chaguo la --ignore-gsd linalofuta ulinzi huo. Liachwe.

Kama huhitaji modeli ya pembe tatu ya kutazama, weka --skip-3dmodel. Ortofoto itatoka bado. Kwa mashamba tambarare, --fast-orthophoto huruka hatua ya wingu zito kabisa na kazi inakuwa nyepesi mno, ila kwenye maghorofa kuta zitapinda, kwa hiyo isitumike mjini.

Swapu ni msaada wa kuvuka kilele kifupi. Kwenye Linux ni amri nne: sudo fallocate -l 64G /swapfile, kisha sudo chmod 600 /swapfile, sudo mkswap /swapfile na sudo swapon /swapfile. Thibitisha kwa free -h. Ukizima mashine itapotea isipokuwa umeiandika kwenye /etc/fstab. Iwe kwenye SSD. Kwenye diski ya kuzunguka kazi ya dakika 10 inaweza kuwa ya siku nzima. Na kama mashine inaishi ndani ya swapu kwa saa nyingi mfululizo, usisubiri: simamisha, punguza nyuzi au ukubwa wa vipande.

Kazi ikifa, usianze upya. Matokeo ya hatua zilizokamilika yako kwenye diski, na --rerun-from, ukiitaja hatua, kwa mfano odm_meshing, itaendelea hapo. Kwenye WebODM kitufe cha kuanzisha tena kina orodha ya hatua. Angalizo: seva yake ya uchakataji, NodeODM, ikiachwa na mipangilio ya kawaida hufuta kazi baada ya dakika 2,880, yaani siku 2. Kazi iliyokufa Ijumaa jioni usiiache hadi Jumatatu. Na --optimize-disk-space hufuta mafaili ya katikati ili kuokoa diski, kwa hiyo ukiiwasha umejinyima nafasi ya kuendelea ulipoishia. Kwa kata hii ningeacha gigabaiti 300 wazi na kutoiwasha. Umeme ukikatika hatua iliyokuwa ikiendelea inapotea, basi UPS, betri ya akiba ya umeme, iwemo kwenye bajeti kabla ya RAM ya ziada.

Wanaotumia Metashape, programu nyingine ya kazi hii, wana mitego yao. Hifadhi mradi kwa muundo wa .psx, ule wa .psz hupakia kila kitu kwenye RAM. Kwenye kupanga picha, ngazi ya Highest huzikuza picha mara 4 kuliko asili yake, na High ndiyo ukubwa halisi. Wengi huchagua ya kwanza wakidhani ni uangalifu. Key point limit ikiwekwa 0 maana yake hakuna kikomo, iachwe 40,000. Panga picha zote pamoja, kisha gawa eneo kwa kusogeza boksi la Region na uzalishe wingu la nukta kipande kwa kipande. Vipande vitakaa sawa kwa sababu kamera zilikokotolewa pamoja. Kadi ya michoro nayo ina kumbukumbu yake, na ikijaa, RAM ya mashine haiisaidii.

Kukodi seva ya gigabaiti 128 kwa siku moja au mbili ni njia halali pia, na kwa ofisi yenye miradi 2 au 3 kwa mwaka ni nafuu kuliko kununua. Ila kumbuka picha 2,315 za megabaiti 8 ni gigabaiti 18.5, na kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba ni saa 4 na zaidi za kupakia.

Mwisho nawaomba wanaoandika hadidu za rejea za zabuni. Kifungu kinachosema "ubora wa juu kabisa unaowezekana" ndicho kinachozaa mafaili ambayo hata ofisi iliyoyaagiza haiwezi kuyafungua. Andikeni namba: ortofoto ya sentimita 5, modeli ya mwinuko ya sentimita 25, ortofoto iwe GeoTIFF iliyotolewa kwa chaguo la --cog, ili programu ya ramani ya QGIS kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 isome sehemu inayotazamwa tu. Na pamoja na ramani, mdaini mzabuni picha za asili zikiwa na GPS yake, gcp_list.txt, image_groups.txt, na orodha ya chaguo zote alizotumia. Ofisi ikiwa na vitu hivyo vinne, kipande kimoja kilichoharibika kinaweza kuchakatwa upya kwenye kompyuta yake yenyewe ya gigabaiti 32, bila kumlipa mtu arushe droni mara ya pili.

Wako,
Mchakataji wa picha za anga,
Dar es Salaam